Nilisema Hatajali

Dada aliyenifundisha kazi ya kujitolea alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Abu Hamour, hapa Doha. Mimi nilikuwa, na bado niko, mlinzi wa jengo la ofisi pale Al Sadd. Yeye Mkenya wa Taita, mimi Mtanzania wa Korogwe. Tusingekutana kamwe kama si jino.

Mwezi wangu wa kwanza Doha jino lilinivimba hadi jicho likafumba. Kliniki nilimkuta daktari Mwarabu na nesi Mfilipino, na Kiingereza changu kidogo kikaniruka kwa maumivu. Kwenye simu nilikuwa na programu moja ya bure ambayo mwenzangu wa chumbani aliniwekea. Unagusa sentensi ya Kiswahili, daktari anaisoma kwa Kiarabu. Naye akigusa jibu lake, sauti ya mwanamke inakwambia kwa Kiswahili. "Usinywe kitu cha moto leo," sauti ile ikaniambia. "Meza tembe moja asubuhi na nyingine jioni." Haikuwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeketi pembeni ya kitanda chako.

Nilipopona nikaandika kwenye grupu la programu ile, si kushukuru bali kukosoa. Nikasema Tanzania mtu wa kawaida hasemi tembe, anasema kidonge. Jibu lilikuja kesho yake mchana: "Asante kaka. Kwa vile unajua, kuna sentensi chungu nzima za hospitali hazijapitiwa. Anza leo."

Huyo ndiye alikuwa yeye. Aliyeanzisha Kiswahili katika mradi ule ni yeye, aliyeongoza grupu ni yeye, na sauti ilikuwa yake. Kiarabu alikiandika Msudani mmoja aliyekuwa akitutumia kazi yake kimyakimya. Hakuna aliyelipwa. Dada alirekodi saa nane mchana, nyumba nzima ikiwa imelala baada ya chakula, akiwa amejifungia ndani ya kabati la nguo la madamu wake, katikati ya mabaibui, maana nguo zinameza mwangwi. Aliniambia amewahi kurekodi sentensi za wajawazito huku jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu, kwa sababu kiyoyozi hakifiki kabatini.

Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Neno likituletea ubishi kati ya Wakenya, Waganda na Watanzania, halikuamuliwa kwa kamusi. Yeye alilipeleka kwa wenzake baada ya ibada ya kanisani, ambayo huku ni Ijumaa, mimi nikaliuliza msikitini, kisha tukachukua lile lililoeleweka pande zote. Alikuwa mkali. Maandishi yangu aliyarudisha yamekatwakatwa. "Hii aidha ya nini?" aliniuliza kila mara, kwa kuwa nilikuwa napenda kuanza sentensi na neno hilo. "Mtu anaumwa tumbo, wewe unamwambia aidha. Toa." Nami nilitoa, moyoni nikinung'unika. Nilikuwa na cheti cha kompyuta. Yeye aliishia darasa la nane. Sikuwahi kulitamka jambo hilo, lakini nilikuwa nalo siku zote, kama mtu aliyebeba kitu mfukoni na kukipapasa kila baada ya muda.

Halafu likaja tangazo la kuunganishwa.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Kulikuwa na mradi mwingine mkubwa zaidi, wa Ulaya, unaofanya kazi ileile kwa lugha nyingi. Waanzilishi wa pande zote mbili walikubaliana kuiunganisha iwe programu moja. Tangazo liliandikwa kwa furaha kubwa. Chini kabisa kulikuwa na masharti: kila lugha itakuwa na msimamizi mmoja, msimamizi atahudhuria kikao cha video kila Jumatano saa tisa alasiri kwa saa za Doha, na ataujibu kila ujumbe ndani ya siku moja.

Tulikutana Ijumaa, Abu Hamour, nje ya mkahawa mmoja wanakouza karaki, chai ya maziwa na iliki. Alikuwa bado na nguo zake za kanisani. Alinisomea masharti yale kutoka kwenye simu, polepole, kisha akacheka.

"Saa tisa niko barabarani nangoja basi la shule la watoto wa madamu," alisema. "Na simu yangu inakaa kwa droo ya jikoni mpaka kazi iishe, naichukua tu wakilala mchana. Hawa watu wanafikiri tunaishi wapi?"

"Labda wanaweza kubadilisha saa," nikasema.

"Utaenda wewe. Wewe uko na zamu ya asubuhi. Utawaambia mambo matatu, sikiza vizuri. Moja, tunataka wasimamizi wawili, mimi na wewe. Mbili, grupu letu lisivunjwe, watu wamelizoea. Tatu, wasiguse sauti mpaka waongee na mimi. Umeshika?"

"Nimeshika, dada."

"Yarudie."

Niliyarudia kama mwanafunzi. Vijana wawili wa Kikenya meza ya jirani walinitazama wakatabasamu. Jambo dogo, lakini niliondoka pale nimekasirika, na nilikuwa bado nimekasirika Jumatano.

Kikao nilikifanyia chumba cha chini cha kubadilishia nguo, mara tu baada ya zamu. Nilivaa koti juu ya sare ili isionekane. Upande wa pili walikuwa watu kama kumi, kila mmoja ndani ya kiboksi chake. Aliyeongoza alikuwa mratibu wa jumuiya wa mradi ule mkubwa, mwanamume mwenye tabasamu lisilozimika. Neno la Kiswahili alilolijua lilikuwa moja, rafiki, akaliweka kila mahali.

"Rafiki," aliniambia kwa Kiingereza, "Kiswahili ni lugha muhimu sana kwetu. Tuambie, nani ataisimamia?"

Mambo matatu nilikuwa nayo, nimeyaandika kwenye karatasi juu ya goti. Nikasema, "Tupo wawili."

"Tunahitaji mmoja. Huyo mwenzako, anaweza kuhudhuria?"

"Hapana. Ni vigumu."

"Anajibu ujumbe ndani ya siku moja?"

Nilifikiria droo ya jikoni. Ningeweza kueleza ile droo. Ningeweza kusema kwamba mwanamke huyu, kwa dakika arobaini anazopata kwa siku, amefanya kazi kuliko sisi sote mle viboksini. Badala yake nikasema, "Hapatikani." Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilitoka kwa urahisi.

"Basi utakuwa wewe," mratibu akasema, na watu wakanipungia mikono. "Swali moja tu. Sauti za kurekodi tunaziondoa katika lugha zote, tunaweka sauti ya kompyuta, ili sentensi mpya zisimsubiri mtu. Ile sauti ya Kiswahili najua ni ya mwenzako. Unadhani atajali?"

Hapo ndipo ninaporudi sana akilini. Hakunilazimisha. Aliuliza, akangoja. Nikasema, "Hatajali."

Kuna utamu wa kuitwa msimamizi ambao sitaukana. Nilipanda ngazi kutoka kule chini nikiwa mwepesi. Nilimwandikia dada kwamba nimeyasema yote matatu na kwamba wanaendelea kuyatafakari. Alijibu: "Mungu akubariki kaka. Nilijua nimetuma mtu."

Wiki mbili nilimwacha hivyo. Siku moja mchana aliniandikia kutoka kabatini kwamba amejaribu kurekebisha sentensi moja na programu imemkatalia kuingia. Nilijua sababu, ruhusa yake nilikuwa nimeifuta mimi mwenyewe siku iliyotangulia, kwa kufuata orodha niliyotumiwa. Nikamwambia utakuwa mtandao. Akajaribu siku tatu, siku tatu akijibana ndani ya yale mabaibui, kabla ya kukata tamaa.

Kisha niliagizwa kuutafsiri ujumbe wa kuwaaga waliojitolea zamani. Niliutafsiri vizuri. Niliona fahari. "Tunakushukuru kwa mchango wako ambao hautasahaulika. Aidha, tunakujulisha kwamba nafasi yako imefika mwisho na hutakiwi kufanya jambo lolote." Nikautuma kwa orodha nzima, naye akiwamo.

Ijumaa iliyofuata alikuja Al Sadd. Nilikuwa na zamu ya siku hiyo, nimesimama nje ya mlango wa jengo. Nilimwona akivuka barabara na mkoba wake wa Biblia, akitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

"Barua yenu nimeipata," alisema. Hakunisalimu.

"Si yangu, dada. Imetoka juu."

"Hiyo aidha imetoka juu?"

Nikarekebisha kola ya sare.

"Niambie ulichosema huko. Sitaki hadithi. Maneno yenyewe, vile uliyasema."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilisema hapatikani. Alitikisa kichwa, kama aliyelitegemea.

"Na sauti? Waliuliza kuhusu sauti?"

"Waliuliza kama utajali."

"Ukasema?"

Mtu mmoja alitoka mlangoni, nikamfungulia, nikampa salamu ya kazi. Dada alingoja hadi mtu yule akapita.

"Nilisema hutajali."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani, kwa sababu matusi yangetufanya tuwe sawa. Hakutukana.

"Basi nipe sauti zangu," alisema. "Sina nakala. Simu yangu ilikuwa inajaa, nikituma nafuta. Ziko huko kwenu. Wewe ndiye uko na ufunguo. Nipe, sitaki kitu kingine na sitakusumbua tena."

"Nitaziulizia."

"Usiulizie. Nipe. Ni miaka yangu ile."

Aliondoka bila kuaga.

Nilimwuliza mratibu siku ileile. Alijibu upesi, kwa ukarimu: ghala la zamani la mafaili litafungwa mwisho wa mwezi, kabla ya hapo msimamizi anaweza kupakua chochote apendacho. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Nilikuwa na ruhusa, nilikuwa na mtandao mzuri wa jengo, nilikuwa na siku kumi na nane.

Sikuzipakua. Watu wachache niliowahi kuwasimulia wameniuliza kama nilisahau, na kwa muda mrefu nilisema ndiyo. Sikusahau. Kila siku nilipoketi kwenye meza ya mapokezi nililiona ghala lile, mafaili yamepangwa kwa tarehe, lake la kwanza likiwa "Habari ya asubuhi". Nilikuwa nataka aniombe mara ya pili. Kule mlangoni alikuwa ameniamrisha, kama alivyoniamrisha siku zote, na sasa nilikuwa mimi mwenye ufunguo. Nilijiambia akiandika tu "tafadhali kaka," nitampa zote siku hiyohiyo. Hakuandika. Mimi nikangoja. Siku ya mwisho nilikuwa na zamu ndefu, na nilipofungua kesho yake ghala halikuwapo. Kulikuwa na ukurasa mweupe na sentensi moja ya Kiingereza.

Nikaketi palepale. Halafu, Mungu anisamehe, nikasikia afueni, kwamba sasa jambo limekwisha.

Programu mpya ilitoka. Sauti ya kompyuta ilikuwa safi, haikuwa na jasho wala kabati. Iliitamka ng'ombe kama ngombe. Sentensi ya "Fuata maelekezo ya daktari barabara" iliisoma kana kwamba mgonjwa anaambiwa awafuate madaktari njiani. Watu wakacheka grupuni, wakatumiana, kisha wakaacha kucheka. Mama mmoja anayefanya kazi za usafi aliandika kwamba mashine inasema haraka mno na yeye hajui kusoma. Wengine wakaandika, "Rudisheni dada. Dada yuko wapi?"

Niliombwa na wakubwa nihakikishe mazungumzo yanabaki ya kujenga. Nikaanza kufuta. Mwanzoni nilifuta ya kejeli, baadaye nikafuta kila ujumbe uliomtaja. Nilifuta hata ule wa mama wa usafi, kwa sababu ulimalizika kwa kumwulizia yeye.

Alikuwamo mzee mmoja dereva, Mzanzibari, mtu aliyekaa Doha kabla ya sisi wote. Aliandika kwa adabu, kwa urefu, akieleza kwamba hapingi mabadiliko ila anaomba ajue kwa nini maneno ya watu yanapotea. Nikamwondoa grupuni. Dakika chache baadaye akanipigia simu.

"Mwanangu, nimetolewa," alisema. "Nadhani simu yangu ina hitilafu."

"Shikamoo mzee. Si simu. Ni kanuni mpya."

"Marahaba. Nimevunja kanuni gani? Nieleze nisirudie."

"Mazungumzo yawe ya kujenga, mzee."

Nyuma yake nilisikia honi. "Nilimfundisha mke wangu kuelewa maneno ya kliniki kwa ile sauti ya yule binti," akasema. "Alikuja huku akiwa mja mzito. Tulikuwa tunaisikiliza pamoja. Nilitaka kusema hilo tu. Pengine sikulisema vizuri."

Ningeweza kumrudisha kwa kugusa mara moja. Nilimwambia nitaliwasilisha juu.

Juu walikuwa wameridhika. Katika lugha zote zilizounganishwa, Kiswahili ndicho kilichokuwa na malalamiko machache kabisa. Lugha nyingine wasimamizi walikuwa wakigombana mbele ya watu, wengine wakijiuzulu kwa barua za hasira, na mratibu tabasamu lake lilianza kuchoka. Akaniandikia: "Rafiki, wewe umefanyaje?" Akaniomba nizungumze katika mkutano mkubwa wa mtandaoni wa watu wa kujitolea, niwaeleze wenzangu namna ya kuwavusha watu wakati miradi inapoungana.

Nikakubali. Niliandaa kurasa nane zenye picha. Nilizungumza kutoka chumba kilekile cha chini, koti juu ya sare, kuhusu subira, kuhusu kuwasikiliza watu, kuhusu kuwaheshimu waliotangulia. Nilikuwa najisikia nikisema na sauti yangu haikutetereka. Mwishoni msichana mmoja, kutoka nchi gani sijui, akauliza kama kuna mtu aliyeumia.

"Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko kidogo," nikasema. "Baadaye watu walielewa."

Walinipigia makofi kwa zile alama ndogo za mikono zinazopanda kwenye kioo cha simu. Nikazima, nikavua koti, nikaenda kukamata basi la kambini, tunakolala wafanyakazi.

Grupu lipo hadi leo. Hakuna aliyejitoa kwa kelele. Waliacha tu kuandika, mmoja baada ya mwingine, hadi nikabaki peke yangu ninayebandika matangazo ya toleo jipya. Chini ya kila tangazo naona idadi ya waliolisoma ikipungua. Nimemwandikia dada mara mbili. Mara ya kwanza nilieleza kuhusu ghala, nikasema lilifungwa ghafla. Mara ya pili nilisema kweli. Zote mbili hazikujibiwa, na sijui hata kama ile ya kweli aliifungua, baada ya ile ya uongo.

Miezi kadhaa ikapita. Ijumaa moja, tukitoka msikitini, nilijikuta bega kwa bega na yule mzee wa Zanzibar, tukivaa viatu. Nikampa shikamoo na mkono. Adabu zake hazikumruhusu kunyima. Aliuliza hali yangu, akauliza watu wa nyumbani Korogwe, akauliza kazi, akauliza joto limenipataje mwaka huu. Nilijibu yote. Nikaona nikinyamaza ataondoka, nikauliza, "Dada yule wa Abu Hamour, mzee, huwa mnamwona?"

"Yule?" Aliinama kufunga kamba ya kiatu. "Ameshakwenda kwao, sasa yapata miezi mitatu. Mkataba ulikwisha, hakutaka kuongeza. Alituaga vizuri sana. Tulikwenda wengi, Wakenya, Waganda, sisi wa visiwani. Yule mama wa usafi alipika. Watu walilia."

"Sikujua."

"Naam," akasema.

Nikaongeza haraka, bila kuulizwa, kwamba siku hiyo lazima nilikuwa kazini.

"Naam, kazi," mzee akasema. Alisimama, akanyoosha kanzu yake, akanitakia Ijumaa njema, akaenda zake kwenye gari.